Nafasi ya Mfumo wa Pili

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na mvua ilikuwa ikinyesha. Katika studio ile, mvua ilimaanisha kazi imesimama. Paa lilikuwa la bati, na matone yakianza kugonga, hakuna maikrofoni iliyoweza kushika neno safi. Siku kama hizo watu walifagia, wakapanga nyaya, wakanung'unika. Safari hii Bosi aliamua mvua isipite bure. Alimwita fundi wa kompyuta aje kuweka mfumo endeshi wa pili kwenye mashine ya studio.

Studio ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la rangi. Chumba cha ndani kilikuwa cha kurekodia. Kuta zake zilifunikwa kwa magodoro makuukuu ili kuzuia mwangwi, na mtu akikaa humo kwa muda alitoka akinuka sifongo. Chumba cha nje kilikuwa na meza, kompyuta, spika mbili na kiti cha Bosi chenye magurudumu, ambacho alikisukuma huku na huko kwa miguu badala ya kuinuka.

Walitengeneza matangazo ya foleni. Mtu anapokaa benki au hospitali, akasikia sauti ya mwanamke ikimwambia mwenye namba arobaini na sita afike dirisha la tatu, huwa hajiulizi mwanamke huyo ni nani. Katika mji ule, kwa miaka mingi, alikuwa mtu mmoja. Ndiyo maana aliitwa Mama Sauti.

Mama Sauti hakuwa na sauti tena. Uvimbe ulimwota kooni, madaktari wakaukata, na walipomaliza alibaki na mnong'ono mkavu kama msasa juu ya ubao. Mwingine angekwenda kukaa nyumbani. Yeye alirudi kazini, kwa sababu kabla ya kuugua alikuwa amejiwekea akiba. Kila namba, kila dirisha, kila siku ya juma, kila "tafadhali" na kila "samahani" alikuwa amevirekodi kimoja kimoja, tena kwa namna tatu: cha kuanzia sentensi, cha katikati na cha kumalizia. Vipande hivyo vilikaa ndani ya kompyuta, katika folda moja. Mteja alipotaka tangazo jipya, Mama Sauti alichukua neno hapa na neno pale, akayaunganisha, akalainisha maungio, hadi sentensi ikatoka kana kwamba imetamkwa kwa mkupuo. Kazi hiyo waliiita kushona, na hakuna aliyeshona kama yeye. Kwa kushona alipata mshahara wake. Kwa kushona, vilevile, bado aliweza kusema.

Maneno mapya, yale ambayo hayakuwamo katika akiba, yalirekodiwa na binti wa mdogo wake. Mama Sauti ndiye aliyemleta binti huyo studio na ndiye aliyemfundisha. Hakumfundisha kwa upole. Aliwahi kumsimamisha mbele ya maikrofoni asubuhi nzima kwa ajili ya neno "sita" peke yake, akimwambia kila alipokosea kwamba ana sauti ya kifuniko cha sufuria. Jina la Kasuku alimbandika yeye, mbele ya wateja. Wateja walicheka, na binti akacheka pamoja nao. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kushika.

Tangu Mama Sauti apoteze sauti, wanawake wakaanza kumwonea huruma na wanaume wakaanza kumkwepa, Kasuku alipata jukumu jingine. Mnong'ono haukuvuka meza. Kwa hiyo binti aliinama, akasikiliza, akainuka na kutangaza: "Mama mkubwa anasema..." Watu walizoea haraka. Baadhi yao walianza kumtazama Kasuku hata kabla Mama Sauti hajafungua kinywa.

Fundi alifika akiwa amelowa, akafuta miwani kwa shati lililolowa zaidi, akapiga magoti nyuma ya mashine. Hapo alikuta kazi ambayo hakuambiwa. Matundu yote ya flashi yalikuwa yamezibwa kwa gundi.

"Bosi, mashine umeifunga hivi kwa nini?" aliuliza, akianza kukwangua tundu moja kwa kisu.

"Niliibiwa."

"Uliibiwa nini?"

"Namba. Kuanzia sifuri hadi mia tisa."

Fundi alicheka, kisha akaona Bosi hacheki, akaacha. Lilikuwa jambo la kweli. Mfanyakazi mmoja wa zamani alihamia kwa mshindani na vipande vya studio mfukoni. Tangu siku hiyo Bosi aliziba matundu, akaukata na mtandao. Kilichokuwa ndani ya mashine ile hakikuwa na nakala mahali popote duniani.

Tundu lilipofunguka, fundi alichomeka flashi yake, akavuta kiti, akaikagua diski. Alikunja uso, kama daktari aliyeona picha asiyoipenda.

"Diski yenyewe ndogo hii."

"Inatutosha," Bosi alisema.

"Inawatosha ninyi. Mimi nimekuja na mgeni. Mfumo wa zamani hamtaki utoke?"

"Haiwezekani. Mashine za wateja wangu wa zamani hazielewi programu nyingine. Lakini wateja wapya wanataka ile programu mpya ya kurekodia, na hiyo haikubali mfumo wa zamani."

"Basi itabidi wakae nyumba moja kama wake wenza. Asubuhi ukiwasha, mashine itakuuliza leo zamu ya nani." Fundi aliupenda mfano wake, akautazamia kicheko, akakipata kwa Kasuku peke yake. "Tatizo ni kwamba huyu mke wa pili hana chumba. Nyumba imejaa hadi uvunguni. Ninayo diski kubwa hapa mkobani, mpya kabisa, kama utapenda..."

"Leo diski, kesho utaniuzia na meza ya kuiwekea. Fanya na hii hii."

"Basi kitu kitoke."

Fundi alipanga mafolda kwa ukubwa. La kwanza kabisa liliitwa Arusi. Humo mlikuwa na arusi ya binti wa Bosi kama ilivyopigwa na kila kamera iliyokuwapo ukumbini, pamoja na ile iliyosahauliwa ikiwa imewashwa juu ya meza, ikapiga kitambaa hadi betri ikaisha.

"Hili peke yake lingemaliza shida," fundi alisema, "na mngebaki na mahali pa kupumulia."

"Hilo haliguswi."

"Mmewahi kulitazama?"

"Fundi, umeitwa kuweka mfumo. Kukagua familia yangu utaitwa siku nyingine."

Folda la pili na la tatu kwa ukubwa yalikuwa karibu sawa. Moja liliitwa Vipande. Jingine liliitwa Vipande Vipya. Mama Sauti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kushonea, kando ya fundi. Aliyasoma majina yote mawili. Alilijua la kwanza. La pili, lililowekwa ndani ya mafolda ya Bosi, hakuwahi kuliona.

Alimvuta Kasuku mkono, akanong'ona.

"Mama mkubwa anauliza hilo la chini ni la nani," Kasuku alisema. Kisha akajibu yeye mwenyewe, kwa sauti ileile, kana kwamba bado anatafsiri: "Ni langu. Nimerekodi vyote. Namba, madirisha, siku, vyote, kwa namna tatu. Kila ulipokwenda kliniki, Mama mkubwa, mimi nilikuwa chumba cha ndani."

Bosi alisukuma kiti chake kinyumenyume hadi dirishani, akaitazama mvua kama mtu aliyeajiriwa kuitazama. Ilikuwa wazi kwamba alijua.

Studio ilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa: kila mtu hufuta chake kwa mkono wake. Sheria hiyo iliwekwa baada ya ugomvi wa zamani, tangazo la mteja mkubwa lilipopotea na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Bosi mwenyewe hakuweza kuivunja bila kuonekana mtu wa hovyo, naye alipenda sana kuonekana mtu wa haki. Kwa hiyo hakumwamuru Mama Sauti afute. Alimgeukia tu. Fundi naye akageuka. Kasuku akainama tayari kusikiliza.

"Anasema hapana," Kasuku alitangaza. Akainama tena. "Anasema arusi imekwisha. Anasema bibi arusi sasa ana mtoto wa pili."

Fundi alikohoa ndani ya kiganja.

"Dada yangu," Bosi alisema, "hakuna anayekulazimisha. Mimi nauliza tu kama watu wazima. Tuna vipande viwili vya kila neno. Neno moja linahitaji vipande viwili kwa nini?"

"Hapo sasa niseme yangu mwenyewe," Kasuku alisema, akasimama wima. "Mama mkubwa, usinichukie. Mimi hapa nalipwa kwa neno jipya. Wiki nzima neno jipya likipatikana ni jina la mtaa. Jina la mtaa! Yaliyobaki yote naambiwa yapo, ni ya Mama Sauti, yanatosha. Nina sauti nzima kooni lakini mimi ni kiraka kwenye nguo yako. Vikiondoka vile, matangazo yote ya wateja wote yatarudiwa upya. Nitakuwa mtu."

Mama Sauti aliinua uso, akamtazama binti huyo kutoka viatuni hadi kwenye kilemba, kama alivyokuwa akimtazama zamani kabla ya kumwambia arudie. Kisha akanong'ona maneno machache.

Kasuku aliyatangaza bila kuyapunguza. "Anasema mteja yeyote mwenye masikio atajua kwamba amebadilishiwa mtu."

"Wewe je, utajua?" Bosi aliuliza kutoka dirishani.

Alilisema kwa mchezo, lakini lilipotoka alilipenda. Alijisukuma kurudi mezani, magurudumu yakilia. Alieleza masharti akihesabu kwa vidole vyake vinene. Fundi atapiga tangazo moja mara mbili, lililoshonwa kwa vipande vya Mama Sauti na lililoshonwa kwa vipande vya Kasuku. Skrini itageuziwa ukuta. Mama Sauti akiitambua sauti yake, Bosi atafuta arusi kwa mkono wake mwenyewe, na mkewe atajua la kumfanya. Asipoitambua, Mama Sauti atafuta Vipande.

"Mimi ni mtu wa haki," alisema. "Mvua yenyewe hii, tutafanya nini kingine?"

"Mimi nilikuja kuweka mfumo," fundi alisema.

Mama Sauti alikuwa ameshakubali kwa kichwa kabla Bosi hajafika kidole cha mwisho. Alikuwa ameishi na sauti ile tangu alipoanza kuita mama. Kumuuliza kama angeitambua ilikuwa sawa na kumuuliza kama angeutambua mkono wake kwenye kikapu cha mikono.

"Tangazo gani?" fundi aliuliza.

"Lile la 'Tafadhali subiri, zamu yako itafika,'" Kasuku alisema. "Ndilo fupi, na limeshonwa tayari kwa sauti zote mbili."

Hakuna aliyelipinga. Fundi aligeuza skrini, akabonyeza hapa na pale, akainua kidole. Mama Sauti alisogea hadi spika, akaweka kiganja juu yake ili asikie pia kwa mkono.

Ya kwanza ikapita. *Tafadhali subiri, zamu yako itafika.* Ya pili ikapita. Aliomba kwa ishara zirudiwe, zikarudiwa. Zilikuwa zimefanana kiasi kwamba Bosi aliacha kuchezesha kiti.

Tofauti ilikuwa moja tu, na Mama Sauti aliishika mara ya pili. Kabla ya "tafadhali", mwanamke wa pili alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndogo, ambayo mtu wa kawaida asingeisikia hata angeambiwa. Mwanamke wa kwanza hakuvuta. Alianza tu, kama bomba likifunguliwa. Hapo moyo wa Mama Sauti ulitulia. Alikumbuka vizuri pumzi ile. Kila alipoingia chumba cha ndani, kabla ya kila neno, mbavu zilipanuka, hewa ikaingia, neno likafuata. Alimwambia Kasuku mara nyingi kwamba msikilizaji humwamini mtu anayepumua. Na Kasuku, kwa kumbukumbu yake, kila mara alisahau kupumua.

Alinong'ona. Kasuku aliinama, akasikiliza, akainuka.

"Anasema ya kwanza ni yangu."

"Ana hakika?" Bosi aliuliza.

"Anasema yule wa kwanza anasoma kama bei za sabuni. Anasema hana mtu ndani yake." Kasuku aliinama tena, uso wake ukiwa mtulivu kabisa. "Anasema hata ukimlipa asubiri, hawezi kumfanya mtu asubiri. Anasema ni kifuniko cha sufuria."

"Na ya pili?"

"Anasema ya pili ni yeye. Anasema alijijua kabla neno halijaanza."

Fundi aliishika skrini kwa mikono miwili, akaigeuza polepole ili kila mtu asome. Faili la kwanza lilitoka folda la Vipande. La pili lilitoka Vipande Vipya.

"Ya pili ni ya binti, Mama," alisema.

Bosi alicheka hadi kiti kikarudi nyuma chenyewe. "Dada yangu," alisema akifuta macho, "nimeona watu wakitukanwa hapa duniani, lakini mtu kujitukana mwenyewe mbele ya shahidi! Bei za sabuni!"

Mama Sauti aliinyooshea spika kidole. Fundi alielewa, akaipiga ya kwanza tena. Mama Sauti alijisikiliza. Sauti ilikuwa safi, sahihi, ya mwanamke fulani. Aliitafuta kama mtu anayetafuta nyumba yake katika mtaa uliopakwa rangi moja. Kisha akaondoa kiganja kwenye spika na kukifuta kwenye sketi.

Hakuomba kupunguziwa. Alivuta kipanya, akafungua folda la Vipande. Kwa mazoea ya kazi, kabla ya kufuta alifungua kipande kimoja akitazame: "tafadhali" ya kuanzia. Kwenye skrini neno lilionekana kama kilima kidogo, na kabla yake mstari ulikuwa bapa, umenyooka. Pumzi haikuwapo. Aliikata mwenyewe. Alizikata zote zamani, kipande kwa kipande, kwa sababu pumzi ikiingia katikati ya sentensi iliyoshonwa husikika kama mtu aliyeshtuliwa. Kusafisha pumzi kulikuwa somo la kwanza la kushona. Mbavu zake zilikumbuka pumzi ambazo mkono wake ulikuwa umezitupa. Alipozikata, aliyekuwa amekaa pembeni yake akijifunza ni Kasuku.

Alifunga kile kipande. Ahadi ilikuwa ahadi, na shahidi alikuwapo. Alichagua folda lote, akafuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, akaiambia ndiyo. Folda likatoweka.

Fundi, ambaye hakupenda ukimya, alianza kumfariji. "Kufuta si kuchoma, Mama. Ni kama kubandua jina mlangoni. Mpangaji bado yumo ndani. Mpaka sasa nikitaka naweza kuvirudisha vyote, bila hata kimoja kupungua. Vinatoka kweli pale mwingine anapoingiza vitanda vyake."

"Basi ingiza vitanda," Bosi alisema. Simu yake iliita. Ilikuwa ya mteja. Alijisukuma hadi kona ya mbali, akaziba sikio la pili kwa kidole, kwa sababu mvua ilikuwa imeongezeka na bati lilikuwa likinguruma.

Fundi alianza kuigawa diski. Alipunguza sehemu ya mfumo wa zamani, akatenga sehemu ya ule mpya palepale Vipande vilipokuwa. Wakati huo folda la Vipande Vipya lilikuwa limebaki wazi kwenye kona ya skrini, na Mama Sauti aliyaona maumbo ya maneno ya Kasuku kwa mara ya kwanza. "Samahani" ilianza kwa mstari bapa. "Karibu" ilianza kwa mstari bapa. "Namba," "dirisha," "asante," zote zilikuwa zimesafishwa kama alivyofundisha. Neno moja tu, "tafadhali" ya kuanzia, lilikuwa na kijivimbe kidogo mbele yake, kama mdudu chini ya zulia. Katika folda zima, pumzi iliachwa mahali pamoja.

Ndipo alipokumbuka nani alichagua tangazo.

"Haya," fundi alisema, macho kwenye skrini, kidole juu ya kibodi. Alilazimika kupaza sauti. "Nikibonyeza hapa anaingia, na hakuna kurudi tena. Kwa kuwa vilikuwa vyako, Mama, nakuuliza wewe. Niendelee?"

Mama Sauti alifungua kinywa. "Usibonyeze," alinong'ona. "Vipande ni vyangu. Virudishe." Bati lilimeza kila neno. Fundi alisubiri bila kugeuka, sikio lake likielekezwa upande ambao majibu yalikuwa yakitokea siku zote.

Kasuku aliinama. Mama Sauti alimshika ukosi, akayarudia maneno yaleyale sikioni mwake, polepole, kwa nguvu zote zilizobaki kooni, hadi akahisi ladha ya damu. Kasuku aliyasikia yote. Alibaki ameinama kwa muda uliozidi kidogo. Kisha akainuka.

"Mama mkubwa anasema uendelee," alisema.

Fundi akabonyeza.

Mama Sauti alimkamata fundi bega. Fundi aliupigapiga mkono huo bila kutazama. "Usijali, Mama. Muda si mrefu." Mama Sauti alilitikisa bega. Alipiga meza kwa kofi. Fundi aligeuka sasa, akauona uso wake.

"Kuna nini?"

"Amechoka," Kasuku alisema.

Mama Sauti alitikisa kichwa, akaonyesha skrini, akaonyesha kifua chake, akaonyesha skrini tena. Fundi alimtazama yeye, akamtazama binti, akamtazama yeye tena, na kidogokidogo akaelewa ameshikishwa kitu gani. Kwenye skrini, mstari wa kijani ulioonyesha kazi inavyokwenda ulikuwa umeshafika theluthi.

"Nikiizima sasa, mifumo yote miwili inakufa," alisema, akiielekea kibodi badala ya watu. Akairudia skrini yake na hakugeuka tena.

Kwenye kona, Bosi alikuwa akicheka na mteja. Kasuku aliuondoa mkono wa Mama Sauti begani kwa fundi, akaushika kwa kifundo, akauweka juu ya paja lake taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Akachuchumaa mbele ya kiti chake ili nyuso zao zilingane.

"Mwanangu," Mama Sauti alinong'ona.

"Abee, Mama mkubwa."

"Umefanya nini?"

"Nimerudia hadi nikapata. Si ndivyo ulivyotaka?" Kasuku alinyoosha ukosi wake mwenyewe uliokuwa umepinda. "Kama una neno, sema. Sema lolote unalotaka. Mimi ndiye nitakayewaambia."

Mama Sauti alimtazama. Mstari wa kijani ulipita nusu.

Fundi alimaliza kazi kabla ya mchana, akaujaribu mfumo mpya, akaujaribu wa zamani, akachomoa flashi, akaliziba tundu kwa gundi kama alivyoagizwa. Alikataa chai. Kwenye ngazi alisimama kwa muda, kisha akateremka.

Bosi alimaliza simu, akaiwasha mashine mwenyewe, akayaona majina ya mifumo miwili yakimsubiri achague, akafurahi. Alifungua folda la Arusi kuhakikisha ni zima. Alitazama kitambaa cha meza kwa muda mfupi, akalifunga.

Kasuku alingoja mvua ikatike. Ilipokatika, aliingia chumba cha magodoro, akafunga mlango, akaanza kurekodi matangazo ya hospitali upya, kuanzia la kwanza.

Mama Sauti alizima spika, akapangusa meza, akaenda nyumbani. Jumatano alirudi kwa wakati. Bosi alimwambia kwamba kwa kuwa Kasuku sasa atasoma matangazo mazima na hakuna tena cha kushona, atakuwa akipokea wageni, na akamwekea kiti kando ya mlango. Alikaa. Mteja wa kwanza alipoingia na kuuliza anaonana na nani kuhusu sauti, Mama Sauti alimwonyesha kwa kidole chumba cha ndani.